Kufichua Wizi wa Wakubwa: Je, ni Kusengenya?

Wapo watu wema wanaochukia kusikia aibu ya wakubwa ikitangazwa. Husema kwamba mkubwa ana heshima yake, na kwamba anayefunua kosa lililofichika hukosa kwa kusengenya, hata kama asemalo ni kweli. Neno hili si la kupuuzwa, maana jina jema la mtu ni mali yake, na kumnyang'anya bila sababu ya haki ni kosa. Basi yatupasa kuuliza: vyama vya raia vinavyochungua rushwa na upendeleo serikalini vyatenda haki, au vyasengenya tu?

Kwanza tuitazame kazi yao. Mwaka 1993 ilianzishwa mjini Berlin jumuiya iitwayo Transparency International. Mwanzilishi wake, Peter Eigen, alikuwa amesimamia ofisi ya Benki ya Dunia mjini Nairobi, na huko aliona jinsi hongo inavyopitisha miradi isiyomfaa mwananchi. John Githongo, aliyeongoza tawi la Kenya, aliitwa serikalini mwaka 2003 awe Katibu wa Kudumu wa mambo ya maadili na utawala. Akachungua mkataba wa mitambo ya pasipoti uliopewa kampuni iitwayo Anglo Leasing kwa bei ya euro milioni 30 hivi, ilhali kampuni ya Ufaransa ilikuwa imetaja milioni 6. Uchunguzi ulipoanza, fedha zilizokwisha kulipwa zikarudishwa kimya kimya. Mwaka 2005 Githongo alijiuzulu akiwa Uingereza, na mwaka 2006 habari zake zikatangazwa. Hata hivyo, mwaka 2014 Kenya ililipa shilingi bilioni 1.4 kwa ajili ya mikataba ya namna hiyo, baada ya kushindwa katika mahakama za ng'ambo.

Je, siri hiyo ilikuwa ya nani? Mtu akilewa nyumbani mwake, jambo hilo ni lake na la jamaa yake, wala jirani hana ruhusa ya kulitangaza sokoni. Lakini akitia sahihi mkataba kwa jina la taifa, sahihi ile si yake peke yake. Wanachama wa ushirika wakidai kuona daftari la mweka hazina wao, nani atasema wanamsengenya? Wanauliza habari za mali yao wenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na gharama ya maradhi haya huwaangukia wasiokuwa na kosa.

Upendeleo ni mgumu zaidi kuuhukumu, kwa kuwa huvaa nguo za upendo. Mkubwa humpa mpwa wake kazi, na ukoo wote humsifu kwamba hakuwasahau watu wake. Kumsaidia ndugu kwa mfuko wangu ni wema. Kumsaidia kwa mfuko wa wote ni kumwibia kijana fulani tusiyemwona, aliyefaulu mtihani, naye angali akingoja barua ya kazi isiyokuja.

Lakini wachunguzi nao wana sheria yao. Wasiseme bila ushahidi. Wamsikilize anayeshtakiwa kabla ya kumtangaza. Wafunue yale tu yanayohusu kazi ya umma, waache ya chumbani. Wampime rafiki kwa kipimo kile kile wanachompimia adui. Anayechungua chama kimoja tu na kukifumbia macho kingine si mlinzi, bali ni askari wa upande mmoja. Tena wafungue vitabu vyao wenyewe, waseme ni nani anayewalipa. Mwaka 2017 Transparency International iliondoa idhini ya tawi lake la Marekani, lililolaumiwa kuwa karibu mno na makampuni makubwa. Hivyo ndivyo ipasavyo: mlinzi naye hulindwa.

Anayeyashika hayo hasengenyi. Anamrudishia mwenye mali habari za mali yake. Wala kazi hii tusiwaachie watu wa Nairobi na Berlin peke yao. Kila mmoja wetu ana daftari lililo karibu naye: la shule ya watoto, la ushirika, la kijiji, naam, hata la parokia. Tuombe kulisoma, kwa adabu na bila hofu. Na siku mpwa wetu atakapotuomba nafasi asiyostahili, tuwe na moyo wa kumwambia hapana.