Saa ya Nani?

Wakati ni ukuta, twaambiwa. Lakini kila mtu huutazama ukuta huo kutoka upande aliosimama. Je, mtu anayeandika saa kwa usahihi bila kutaja ni saa ya wapi, amesema kweli?

Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, tangu saa sita kamili ya usiku ulioingiza tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za ulimwengu. Nukta hiyo ya mwanzo ilikuwa moja duniani kote. Hata hivyo, Dar es Salaam ilikuwa saa tisa usiku, na Los Angeles ilikuwa bado saa kumi jioni, tarehe 31 Desemba 1969. Hata London ilikuwa saa saba usiku, kwa kuwa kati ya 1968 na 1971 Uingereza iliweka saa zake mbele kwa saa moja mwaka mzima. Hapo hakuna aliyekosea.

Taabu huanza pale hifadhidata inapowekewa tarehe na saa tu. Tuchukue mfano wa mapacha wanaozaliwa New York usiku wa Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambapo saa nane ikifika mishale hurudishwa kwenye saa saba. Kurwa azaliwa saa saba na dakika hamsini. Dakika ishirini baadaye azaliwa Doto, na saa ya ukutani yaonyesha saa saba na dakika kumi. Programu itakayosoma maandishi hayo itamfanya Doto kuwa mkubwa. Ukitokea wosia unaompendelea kifungua mimba, Kurwa atanyang'anywa haki yake ilhali kila tarakimu ni sahihi.

Wako watakaoilaumu mashine. Lakini mashine haikuambiwa, ikakisia; na programu isiyotajiwa mahali mara nyingi hushika saa za kompyuta inamoendeshwa.

Kwa maoni yangu, kutosema uongo hakutoshi. Mwandishi wa kumbukumbu humwandikia mtu ambaye hakuwapo, na ana wajibu wa kumpa kile asichoweza kukijua kwa njia nyingine. Aandike tukio kwa saa za ulimwengu, na jina la mahali kando yake. Kisha programu imgeuzie kila msomaji kwa saa za kwao. Sisi tunaosema “saa mbili asubuhi” mbele ya mgeni anayeiita saa nane, wajibu huo twaujua tangu zamani.