Uso wa Mungu, Uso wa Ndugu

Masomo: Kutoka 33:11–23, Mwanzo 32:22–33:11, 1 Yohana 4:12, 20



Wengi wetu hukwama tunaposoma Kutoka sura ya 33. Katika aya ya 11 Musa anazungumza na Mungu uso kwa uso, kirafiki. Tukifika aya ya 20, Mungu huyohuyo anamwambia kwamba hakuna mwanadamu atakayeuona uso wake akabaki hai. Tushike lipi?

Yote mawili. Aya ya 11 yaeleza ukaribu: Musa hakuhitaji mjumbe wala ndoto. Aya ya 20 yahusu utukufu wenyewe, ambao Musa alikuwa ameuomba. Mungu hakumkemea kwa ombi hilo. Alimweka katika ufa wa mwamba, akamfunika kwa mkono wake, kisha akamruhusu aone nyuma yake tu. Mkono uliomzuia asione ndio uliomkinga asife.

Sasa tumtazame Yakobo. Miaka 20 alikuwa ugenini kwa Labani, akiikimbia hasira ya kaka yake, Esau, ambaye Yakobo alimnyang'anya baraka. Anaporudi nyumbani anasikia Esau anakuja na watu 400. Usiku, kwenye kivuko cha Yaboki, anashindana mweleka na mtu asiyemjua mpaka alfajiri. Kulipopambazuka akapaita mahali pale Penieli, yaani uso wa Mungu, akistaajabu kwamba amemwona Mungu na bado yu hai. Akaondoka akichechemea.

Hakupata hata nafasi ya kupumzika. Aliinua macho, na Esau huyo hapo! Yakobo akainama mara 7. Esau akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Ndipo Yakobo akamwambia kaka yake kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Alijua anachosema, maana alikuwa ametoka Penieli. Nyuso mbili alizoziogopa kuliko zote zilimpokea, akaishi.

Yohana anatuambia mara mbili kwamba hakuna aliyemwona Mungu wakati wowote. Katika Injili yake, 1:18, anatuelekeza kwa Mwana aliyemfunua Baba. Ndiyo sababu Filipo, alipoomba aonyeshwe Baba, aliambiwa amtazame Yesu aliye mbele yake. Katika Waraka wake wa kwanza, 4:12, anatuelekeza kwenye upendo: tukipendana, Mungu asiyeonekana anakaa ndani yetu. Kisha anauliza: usiyempenda ndugu unayemwona, utampendaje Mungu usiyemwona?

Wapendwa, ahadi ipo. Wenye moyo safi watamwona Mungu (Mathayo 5:8), na watumishi wake watauona uso wake (Ufunuo 22:4). Lakini wiki hii yuko ndugu ambaye hutaki kumtazama. Labda mligombania mpaka wa shamba. Labda mmenuniana tangu matanga ya mama. Usingoje mpaka upone kabisa ndipo uende. Yakobo alikwenda akichechemea. Nenda ukabishe hodi.

Tuombe: Ee Bwana, macho yetu hayawezi kuubeba utukufu wako. Tufunike kwa mkono wako, utuonyeshe Mwanao, na utupe ujasiri wa kumtazama ndugu yetu usoni. Amina.