Siku ya Umati na Siku ya Wachache

Tafakari ya wiki. Somo: Marko 5:21–43



Sura ya tano ya Injili ya Marko inatuonyesha Yesu akienda na watu kwa namna mbili katika safari moja. Njiani umati unamsonga pande zote. Mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12 anapenya katikati yao na kuligusa vazi lake, wala Yesu hamfukuzi, anamwita binti. Kisha anafika nyumbani kwa Jairo, mkuu wa sinagogi, ambaye mtoto wake wa miaka 12 amekwisha kufa. Hapo mambo yanabadilika. Ni Petro, Yakobo na Yohana tu wanaoruhusiwa kufuatana naye. Waombolezaji waliojaa nyumbani anawatoa nje wote. Anaingia chumbani na baba, mama na wale watatu. Na msichana alipoinuka, Yesu aliagiza apewe chakula.

Chumba kile, saa ile, kilikuwa cha msichana. Kilichomfaa yeye ndicho kilichoamua nani aingie na nani abaki uani. Bwana yuleyule aliyekubali kusongwa na umati barabarani hakuona haya kuupunguza mlangoni. Nayaleta haya kwa sababu katika sharika zetu wako wenzetu wanaotibiwa saratani kwa dawa za kemo, na nyumba zao zinahitaji hekima hiyo: kujua siku ya umati na siku ya wachache.

Tuelewe kwanza linalotokea mwilini. Dawa za kemo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli za saratani ziko hivyo, lakini hata uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, huzalisha seli kwa kasi, nao huumia. Ni kama moto wa kusafishia shamba: huunguza magugu, na miche iliyo karibu hunyauka. Seli nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili dhidi ya vijidudu, hupungua. Kwa dawa nyingi hufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha hupanda tena taratibu. Ndiyo maana tiba nyingi hupangwa kila baada ya siku 21, na damu hupimwa kabla ya dozi inayofuata. Ratiba hutofautiana kati ya dawa na dawa, kwa hiyo kila mgonjwa amwulize daktari au muuguzi wake: siku zangu za hatari ni zipi?

Sisi watu wa kanisa huweza kumkosea mgonjwa huyu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumfurika. Jumapili ibada ikiisha, kwaya, akina mama, wazee wa kanisa na watoto huongozana hadi sebule moja ndogo. Kila mtu anataka kumshika mkono, na aliye na mafua anasema ni kidogo tu. Kwetu mafua hayo ni siku chache na chai ya tangawizi. Kwa mtu ambaye seli zake nyeupe zimeshuka, yanaweza kugeuka nimonia, kulazwa, na dozi kuahirishwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi kila mgeni ajiulize kabla ya kubisha hodi: ninachokwenda nacho kitamponya mwenyeji, au kitamlaza?

Njia ya pili ya kumkosea ni kumtelekeza. Wapo wanaosikia kwamba mgonjwa anahitaji kulindwa, nao hutoweka kabisa. Wengine wanaogopa wataambukizwa. Nasema wazi: saratani haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kulala nyumba moja. Mgonjwa huyu si hatari kwetu. Sisi ndio tunaoweza kumpelekea vijidudu. Dozi sita za kila wiki tatu ni zaidi ya miezi mitatu, na kwa wengine tiba huenda mbali zaidi. Fikirini mtu aliyetoka Kigoma au Mtwara kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road, amejihifadhi kwa ndugu Dar es Salaam, hajui mtu mtaani. Wako wenzake katika hospitali za Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Siku nyingi bila sauti ya rafiki zinaweza kumwondolea mtu hamu ya kula na hata moyo wa kuendelea na tiba.

Tufanyeje, basi? Katika siku ambazo kinga imeshuka, wageni wawe wachache, wazima, wasiokohoa, na wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka mara wafikapo. Mkae barazani au chini ya mti, penye hewa, kuliko ndani ya chumba kilichofungwa. Salamu iwe ya mkono kifuani. Watoto wenye mafua, surua au tetekuwanga wasipelekwe kabisa. Aliye na kikohozi apige simu, na sala aiombe kwa simu. Ukitaka kutoa huduma yenye uzito, kawafulie nguo, kawachotee maji, kawapeleke watoto shule. Pika. Yesu alikumbuka chakula cha msichana, nasi tukumbuke: chakula kilichoiva vizuri, kiliwe kingali cha moto, maziwa yachemshwe, matunda yaoshwe na kumenywa.

Wazee wa kanisa, waraka wa Yakobo katika sura ya tano unatuagiza kumwombea mgonjwa. Endeleeni kufanya hivyo, na mikono itakayowekwa juu yake ioshwe kwanza. Meza ya Bwana mchungaji ataipeleka nyumbani. Mgonjwa asijilazimishe kuja kwenye ibada iliyofurika kwa kuogopa kuhesabiwa mtoro.

Nanyi wapendwa mnaotibiwa, kusema leo msije si dhambi, wala si maringo. Siku seli zinapokuwa zimepanda na daktari ameridhia, tokeni. Njooni ibada isiyo na msongamano, mkae karibu na mlango au dirisha. Nendeni harusini mshuhudie maagano, kisha mrudi nyumbani kabla ya ukumbi kujaa. Vaeni barakoa kwenye basi au daladala, wala msione aibu. Uhai mnaoupigania ni pamoja na kicheko cha marafiki, na hakuna tabibu mwema anayetaka mzikwe chumbani.

Jambo la msiba ni gumu zaidi, maana kwetu asiyefika kuzika huhesabiwa. Familia na zimtetee mgonjwa wao. Atume rambirambi, apige simu, na mmoja wa nyumba amwakilishe. Atakapopata nafuu ataketi na wafiwa faraghani. Anayemsengenya mtu wa kemo kwa kutolala matangani ajue kwamba anamtwisha aliyekwisha kulemewa.

Na hili naomba liandikwe ukutani katika kila nyumba yenye mgonjwa wa kemo: joto la mwili likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, ni dharura. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na familia iseme mapokezi kwamba anatumia dawa za saratani. Msimpe dawa ya kushusha homa halafu mkasubiri asubuhi, kwa sababu homa ikishuka ugonjwa unaendelea chini kwa chini, na mwili usio na walinzi unaweza kuzidiwa kwa saa chache. Wala tusikeshe tukiomba sebuleni huku homa inapanda. Tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali. Mwenye gari katika jumuiya awe amejitolea mapema, na namba yake iwe kwa familia.

Jumuiya zitakapokutana wiki hii, kila moja imtaje mgonjwa wake wa kemo na imchague mtu mmoja wa kuwasiliana na familia. Amwulize mwenye nyumba swali hili kila wiki: tuje, au tusubiri? Mkijibiwa njooni, nendeni wachache, wenye afya na mikono safi. Mkijibiwa subirini, msinung'unike. Pikeni, pigeni simu, ombeni, na wiki ijayo mwulize tena.