Elimu Twaisomea Nini?

Ewe ndugu msomaji, kabla hujafungua kitabu jiulize: nasomea nini? Imamu Ghazali alijiuliza swali hili naye ni mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, mbele yake wanafunzi mia tatu. Akaikagua nia yake, akaona hafundishi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake, bali kwa kutaka jaha na jina. Mwaka 1095 akaiacha kazi ile, akauhama mji.

Ikiwa nia ya mtu kama yule iliingiwa na haya, je, zetu sisi?

Nia haionekani kwa macho, lakini ina dalili, na dalili yake ni upole. Hamali akikosea Fatiha, mwenye elimu akamkemea mbele za watu, hamali huona haya asirudi tena msikitini. Elimu iliyopasa kumwita ndiyo iliyomfukuza! Lau angalimsomesha faraghani kwa upole, wangalifaidika wote wawili.

Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akaja Lamu katika karne ya 19, aliwasomesha watumwa na wanyonge, na baadhi ya wakubwa wa mji wakachukia. Yeye hakuacha, na chuo cha Riyadha kingali kikisomesha hata leo.

Hatusemi watu wapunguze kusoma. Twasema: wasome sana, kisha waipime elimu yao kwa maneno wamwambiayo mnyonge. Elimu isiyolainisha ulimi haijafika moyoni. Mwenyezi Mungu atuwafikie sote. Amin.