Futa Kwanza, Ndipo Uachie

Wanangu mnaojifunza kuandika keneli, ninyi wa Ifakara, wa Mang'ula na wa Mlimba, ninawausia jambo moja: ukurasa wa kumbukumbu msiuachie kabla hamjahakikisha kwamba hakuna kiini cha prosesa kinachoukumbuka bado.

Mnawajua wadodosaji wa afya walioanza mwaka 1996 kuzungukia kaya za bonde letu, wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Tuseme kaya moja imehama, kiwanja kikapewa familia nyingine, na rejista ya ofisini ikarekebishwa siku ileile. Mdodosaji aliyeko Lupiro na daftari lake la mwezi uliopita hana habari. Atabisha hodi, na mambo ya mgeni atayaandika kwa jina la aliyehama. Rejista haina kosa. Daftari ndilo limepitwa na wakati.

Jedwali la kurasa ndiyo rejista ya kompyuta. Katika prosesa za x86 za biti 64 lina ngazi 4, na katika baadhi ya zile mpya 5; kila jedwali ni baiti 4096 zenye nafasi 512. Kushuka ngazi zote hizo kila mara kungechelewesha kazi, kwa hiyo kila kiini hujiwekea majibu katika kashe yake ya anwani. Ukibadilisha jedwali, kashe haijirekebishi. Lazima uifute wewe: kata kiungo jedwalini, agiza kila kiini kinachoweza kuwa na nakala kifute, subiri vyote vijibu, kisha uachie ukurasa.

Najua kusubiri huko ni ghali, maana viini vingine hukatizwa kazi. Linux hupunguza gharama kwa kukusanya kurasa nyingi, kufuta kashe kwa pamoja, na kuziachia baada ya hapo. Punguzeni hivyo, wala msiruke hatua.

Kurasa zinazobeba majedwali yenyewe ndizo zinazonitia hofu zaidi. Prosesa hukumbuka hata ngazi za kati. Ukiliachia jedwali mapema, likapewa programu nyingine ikaandika mambo yake humo, prosesa itayasoma maandishi hayo kana kwamba ni anwani, na itakwenda yanakoelekeza. Hapo mwizi hahitaji nywila.

Wakubwa wa kazi hii nao wamekosea. Mwaka 2018 Jann Horn wa Project Zero ya Google alionyesha kwamba tangu toleo la 3.2 la Linux, lililotoka Januari 2012, wito wa mremap ulikuwa ukifungua kufuli za majedwali kabla ya kufuta kashe. Kazi nyingine ikilipunguza faili katika upenyo huo, ukurasa uliachiwa na kupewa mwingine huku nakala ya zamani ikiendelea kuufikia. Karibu miaka 7 msimbo huo ulisomwa na watu hodari.

Seva itakayotunza majibu ya vipimo vya mama zenu huenda ikaendeshwa na keneli mliyoigusa ninyi. Kwa hiyo, kila mnapofungua kufuli, ulizeni kama kashe imekwisha kufutwa. Na mjaribu kazi yenu kwenye mashine ya viini vingi, viini vyote vikiwa na shughuli, kwa sababu kwenye kiini kimoja upenyo wa namna hii ni vigumu kuuona.