Je, Chanzo Kinaweza Kutoa Kitu Ambacho Hakina?

Gari dogo lililoegeshwa Biharwe, kando ya barabara ya Masaka kabla ya kuingia Mbarara mjini, lina umeme wa volti 12. Betri yake ni seli sita zilizoungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 2.1 hivi; injini ikinguruma, altaneta huufikisha umeme huo kwenye volti 14, basi. Mashine ya kinyozi, amplifaya ya mhubiri na chaja ya kompyuta zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, ambao nchini Uganda ni volti 240. Katikati huwekwa inveta, na vifaa vyote hivyo hufanya kazi bila kinyongo. Hapo swali la kale la falsafa hupata mfano wa kushikika: chanzo kinaweza kutoa kitu ambacho chenyewe hakina?

Wanafalsafa wengi wa kale na wa zama za kati walijibu kwamba hakiwezi. Descartes, katika Tafakuri yake ya tatu iliyochapishwa mwaka 1641, aliifanya kanuni hiyo kuwa nguzo: chanzo kamili lazima kiwe na uhalisi usiopungua ule wa tokeo lake. Juu ya nguzo hiyo alijenga hoja ya kuwapo kwa Mungu, akisema kwamba wazo la kisicho na mwisho haliwezi kutoka katika akili yenye mwisho. Nguzo ikianguka, hoja nayo imeanguka, kwa hiyo ni vyema kanuni hiyo ijaribiwe kwanza kwa kitu kinachopimika.

Ndani ya inveta, transista hukata na kuunga mkondo wa betri kwa kasi, mara maelfu kwa sekunde katika inveta nyingi za kisasa. Umeme uliokatwakatwa hivyo hupitishwa kwenye transfoma yenye mizunguko michache ya waya upande wa kuingilia na mizunguko mingi upande wa kutokea, na volti hupanda kwa uwiano wa mizunguko hiyo. Kisha sakiti nyingine huupanga upya umeme huo ili ugeuke huku na huku kwa mizunguko 50 kila sekunde, kama ule wa nyumbani. Amplifaya inayokula wati 300 kwa volti 240 huvuta ampea 1.25 tu. Wati zilezile kwa volti 12 ni ampea 25, na kwa kuwa inveta yenyewe hupoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi kama joto, betri hudaiwa karibu ampea 28. Ndiyo maana fundi makini haichomeki inveta ya ukubwa huo kwenye tundu la kiberiti cha sigara, ambalo kwa kawaida fyuzi yake ni ya ampea 10 hadi 20. Huvuta waya mnene na mfupi moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya. Akitumia waya mwembamba, ganda lake hulainika na kuanza kunuka, na harufu hiyo ndiyo risiti ya kwanza ya deni. Injini ikiwa imezimwa, betri ya ampea-saa 60 ingekauka kwa saa mbili na kidogo. Stata itashindwa kuizungusha injini mapema zaidi ya hapo.

Kwa hiyo volti 228 zilizoongezeka hazikutoka patupu. Zimenunuliwa kwa ampea, kama mtu anayebadilisha noti kumi za shilingi elfu apewe moja ya elfu kumi na kukatwa kamisheni: noti aliyoshika ni kubwa, mali imepungua. Kanuni ya Descartes, ikipitishwa katika mfano huu, hugawanyika mara mbili. Kwa upande wa kiasi inasimama imara, kwa sababu nishati inayotoka haizidi iliyoingia. Kwa upande wa sura haisimami hata kidogo, maana betri haikuwa na volti 240, haikuwa na umeme wa kugeuka huku na huku, wala haikuwa na sauti inayotoka kwenye spika. Vyote hivyo imevitoa.

Mtetezi wa Descartes anaweza kusema kwamba sura hizo zilikuwamo ndani ya inveta, na kwamba chanzo kamili ni betri na inveta kwa pamoja. Utetezi huo hauendi mbali. Inveta iliyolala dukani haina volti hata moja. Zaidi ya hayo, volti si kitu kinachokaa mahali; ni tofauti kati ya nukta mbili, na nukta moja peke yake haina volti. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya uwepo ya Wabantu wa Rwanda, aliwatenga watu, vitu, na mahali pamoja na wakati katika makundi matatu, kisha akauweka uhusiano katika kundi la nne, pamoja na hali na namna. Mgawanyo wake unasaidia hapa. Uhusiano haukabidhiwi kutoka mkono hadi mkono kama kitu. Unapangwa, na anayeupanga halazimiki kuwa nao kwanza.

Gari la petroli lina mfano mkali zaidi, tena bila kifaa cha kuongezewa. Koili ya plagi hupokea volti 12, na mkondo wake unapokatwa ghafla, uga wa sumaku uliojengeka ndani yake huporomoka na kutoa volti 20,000 au zaidi. Cheche inayoruka kwenye plagi hubeba nishati ndogo mno, sehemu chache za mia za joule moja, ilhali lita moja ya petroli ina joule milioni 30 na ushei. (Wenye magari ya dizeli wasiitafute koili hiyo, kwao mafuta huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa.) Cheche haiipi petroli nguvu zake, huifungulia mlango tu. Basi kuna chanzo kinacholisha na chanzo kinachofungulia, na mabishano mengi kuhusu kidogo kuzaa kikubwa hutokana na kuvichanganya viwili hivyo. Kanuni ya kiasi humhusu mlishaji peke yake.

Biharwe yenyewe ina tukio linaloonyesha tofauti hiyo kwa ukubwa wa mbingu. Simulizi za ufalme wa kale wa Nkore zinasema kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, akirudi kutoka vitani na ng'ombe wa kuteka, alifikwa hapo na giza mchana; akaogopa, akaondoka na kuwaacha ng'ombe. Tukio hilo huhusishwa na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na pameinuliwa mnara wa kumbukumbu. Kipenyo cha mwezi ni karibu sehemu moja ya 400 ya kile cha jua, lakini mwezi uko karibu nasi mara 400 hivi zaidi, kwa hiyo mdogo humfunika mkubwa kwa uwiano, bila kupata ukubwa wowote mpya. Kivuli nacho hakikuwa na nguvu ya kukimbiza jeshi. Jeshi lilikimbizwa na imani ya mfalme wake kuhusu maana ya kivuli, na nguvu zilizolipeleka nyumbani zilikuwa za miguu ya askari.

Imamu Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa mwishoni mwa karne ya 11, alikuwa na shaka nzito zaidi. Pamba ikigusana na moto, alisema, jicho huona kuungua kukitokea pamoja na mgusano; halioni kuungua kukisababishwa na mgusano. Mtendaji ni Mungu. Ibn Rushd alimjibu karne iliyofuata kwamba anayekana sababu amekana maarifa yenyewe. Inveta haimshindi Ghazali, ingawa wengi wangependa imshinde. Mita ya fundi huonyesha kwamba ampea 28 huambatana na wati 300, leo kama jana. Kwamba haingewezekana kabisa kuwa vingine, mita haisemi. Hifadhi ya nishati ni sheria iliyogunduliwa kwa vipimo, na aliyevifanya kwa subira kuliko wengi, James Joule, aliitetea miaka ya 1840 kwa sababu ya kidini pia: uwezo wa kuangamiza nguvu, aliamini, ni wa Muumba peke yake.

Suala hili la chanzo na tokeo lake lina uzito wa pekee katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini mwa Mbarara, yaliyofunguliwa mwaka 1958. Huko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi jirani, Kiswahili kinawaunganisha wengi wao, na betri na sola ni vitu vya kila siku. Mahubiri ya kupanda mbegu ndogo ili kuvuna mara mia yanapopitia kwenye amplifaya ya betri, hukutana na hesabu ambayo msikilizaji anaijua vizuri, kwa kuwa betri yake hushuka kila jioni. Mhubiri akitumia umeme kama mfano wa kuongezeka, mfano unamsaliti, kwa sababu inveta hubadilisha na haiongezi. Mafuta ya mjane wa siku za Elisha na mikate mitano iliyolisha maelfu ni madai ya aina nyingine: kwamba kiasi chenyewe kilizidi.

Hata hivyo muujiza wa namna hiyo haupingi kanuni ya Descartes. Muumini hasemi kwamba chupa ya mjane ilitoa mafuta ambayo haikuwa nayo. Anasema chupa haikuwa chanzo pekee, na kwamba Mlishaji hapungukiwi. Anachokana ni kwamba hesabu ya dunia imefungwa pande zote. Descartes mwenyewe, katika Misingi ya Falsafa ya mwaka 1644, aliifunga hesabu hiyo kwa ufunguo wa kidini: kiasi cha mwendo ulimwenguni hakibadiliki, alisema, kwa sababu Mungu habadiliki. Leibniz alionyesha mwaka 1686 kwamba kipimo cha mwendo cha Descartes kilikuwa na kosa. Sababu aliyoitoa Descartes haikuguswa na sahihisho hilo, na mita ya fundi wa Mbarara haina sindano ya kuipima.