Kabla Jasho Halijakauka

Mwezi wa Aprili 2013, ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, walitoa gemu yao ya kompyuta iitwayo Game Dev Tycoon kwa bei isiyofika dola 8. Ndani yake mchezaji anapewa gereji, meza na kompyuta moja, na kuanzia hapo anajenga kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza gemu. Wakati huohuo ndugu hao wakafanya jambo lisilo la kawaida kwa mfanyabiashara: wakaipeleka wenyewe nakala ya bure kule ambako watu hupakua gemu bila kulipa. Nakala hiyo ilifanana na ile ya kuuzwa, isipokuwa kwa jambo moja. Baada ya saa chache za kucheza, mchezaji alianza kupata taarifa kwamba gemu zinazotoka kwenye kampuni yake zinapendwa sana, lakini watu wanazinakili badala ya kuzinunua. Mauzo yakashuka, akiba ikaisha, kampuni ikafilisika, hata mchezaji angekuwa mjanja namna gani. Siku moja baadaye ndugu hao walipohesabu, waliona kwamba kati ya watu 3,318 waliokuwa wakiicheza gemu hiyo, 3,104 walikuwa na nakala ya bure. Waliolipa walikuwa 214 tu. Baadhi ya wale wa bure waliandika kulalamika kwamba haiwezekani kushinda. Wengine waliuliza kama kuna teknolojia ya kuzuia kunakili ambayo wangeweza kuivumbua humo ndani ya gemu ili waokoe kampuni zao.

Ni rahisi kucheka na kusema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini kisa hiki kina swali ambalo kicheko hakilijibu: wale 3,104 walifanya kosa gani hasa? Wenye makampuni hujibu bila kusita kwamba ni wizi. Wanaonakili nao hujibu kwamba hakuna kilichoibwa, kwa kuwa mwenye gemu bado anayo. Kila upande una sehemu ya ukweli, na nadhani pande zote mbili zinapotea kwa sababu zimekubaliana kubishana juu ya neno moja lisilofaa. Kunakili gemu bila kulipa si wizi kwa maana tuliyoizoea. Ni kula deni. Na deni lina maadili yake, tofauti na ya wizi: lina mdai na mdaiwa, lina wakati wa kulipwa, na wakati mwingine yule anayejiona mdai ndiye anayedaiwa.

Tuanze na neno wizi. Amri ya kutoiba iliwafikia watu waliomiliki ng'ombe, nafaka na nguo, vitu ambavyo mmoja akivichukua mwingine anabaki mikono mitupu. Wanazuoni wa fiqhi wanapoeleza wizi wenye adhabu yake maalumu, husharutisha kwamba mali iwe imeondolewa kwa siri kutoka mahali ilipohifadhiwa. Nakala ya gemu haiondoi kitu mahali popote. Inafanana zaidi na jirani aliyekuja kuomba kaa la moto: akiondoka nalo, jiko lako linaendelea kuwaka. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, kwa mfano, hakuitambua hakimiliki kuwa mali katika sharia, ilhali mwanawe, Taqi Usmani, aliitambua. Desemba 1988, katika kikao chake cha Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu liliamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Baba na mwana, wote wawili wanachuoni wakubwa, walitofautiana. Tofauti hiyo haikuja kwa kuwa mmoja wao aliupenda wizi. Ilikuja kwa kuwa jambo lenyewe halikai sawasawa ndani ya chombo cha zamani.

Linakaa vizuri zaidi katika chombo cha ujira. Chukua mtu aliyepanda daladala mpaka mwisho wa safari kisha akashuka bila kulipa. Gari lilikuwa linakwenda hata asingepanda, kiti kilikuwa wazi, na hakubandua hata skrubu. Konda hatamwita mwizi wa gari. Atamshika mkono na kusema, "Nauli yangu." Maneno hayo mawili yanatosha. Kuna mtu aliyeendesha, kuna mafuta yaliyochomwa, na wewe umefika ulikotaka kwenda kwa jasho la wengine. Gemu nayo ni safari ya namna hiyo. Wachoraji, waandishi wa programu, watunzi wa muziki na wapimaji wa makosa hufanya kazi miaka miwili, mitatu, hata zaidi, kabla senti moja ya mauzo haijaingia. Bei ya gemu si thamani ya diski wala ya faili. Ni nauli inayokusanywa mwisho wa safari, kutoka kwa kila aliyepanda.

Ushahidi wa kiuchumi unaunga mkono picha hii kuliko ile ya wizi. Mwaka 2024 William Volckmann alichapisha utafiti juu ya gemu 86 za kompyuta zilizolindwa kwa mfumo wa kuzuia kunakili uitwao Denuvo. Pale ulinzi ulipovunjwa katika wiki ya kwanza, mapato ya gemu yalipungua kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Ulipovunjwa baada ya wiki 12, hasara ilikuwa kama haipo. Kwa upande mwingine, utafiti ulioagizwa na Tume ya Ulaya, uliokamilika mwaka 2015 na kujulikana na umma mwaka 2017, haukupata ushahidi thabiti kwamba kwa jumla nakala haramu zinapunguza mauzo halali. Kwa gemu ulionyesha hata dalili ya kuyaongeza. Tafiti hizi zinaonekana kupingana, lakini kila mmoja unajibu swali lake. Ule wa Ulaya unatazama soko zima. Ule wa Volckmann unatazama gemu moja inapotoka tanurini. Tukizisoma pamoja zinatuambia kwamba madhara yanategemea wakati. Wizi wa ng'ombe ni hasara ileile leo na mwakani. Ujira, kinyume chake, una saa yake, na ndiyo maana mafundisho ya Mtume kuhusu kibarua hayakuishia kusema alipwe, bali yalitaja jasho ambalo bado halijakauka.

Picha hii inatuokoa pia na hadithi zilizotiwa chumvi. Husemwa mara nyingi kwamba maharamia waliiua Dreamcast, mashine ya mwisho ya Sega. Ni kweli kwamba mwaka 2000 wadukuzi waligundua njia ya kuifanya isome diski za kawaida zilizonakiliwa bila hata kufunguliwa, na ni kweli kwamba Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kuitengeneza. Lakini Sega ilikuwa tayari imeumia kwa hasara za mashine iliyotangulia, kampuni ya Electronic Arts ilikataa kuitengenezea Dreamcast gemu, na PlayStation 2 ilikuwa imekwisha kutoka, ikiwa na uwezo wa kuonyesha filamu za DVD. PlayStation mbili za kwanza zilitiwa chipu za kukwepa ulinzi ulimwenguni kote, zikajaza vibanda vya gemu kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam kwa diski za kunakili, na bado kila moja iliuzwa kwa zaidi ya mashine milioni 100. Deni lisilolipwa haliangushi kila kampuni. Linaumiza zaidi wenye mtaji mdogo, kama wale ndugu wawili na wanunuzi wao 214.

Hapa linakuja pingamizi la kwanza, lenye nguvu kuliko yote: "Nisingenunua hata hivyo, basi nimempunguzia nini?" Daladala linajibu nusu yake. Kwamba kiti kilikuwa wazi hakufuti safari uliyokwenda. Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wajiandikishe katika mtandao wa PlayStation, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako mtandao huo haukuwa ukitoa huduma rasmi. Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Kijana wa Mombasa aliweza kuwa na fedha mkononi na asione dirisha la kulipia. Na pale dirisha lilipo, bei iliyopangwa kwa mshahara wa Marekani inaweza kumeza ujira wa siku nyingi. Qurani inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na Torati iliweka mwaka wa saba kuwa mwaka wa kuachilia madeni. Nakubali kwamba unafuu huu unawahusu wachezaji wengi wa kwetu. Lakini kupewa muda si kusamehewa, na aliyepewa muda hujulikana kwa jambo moja: dirisha likifunguliwa na mkono ukipata, analipa. Yule ambaye amekwisha kununua simu ya bei ya gemu hamsini na bado anasema hana uwezo, huyo si mwenye dhiki.

Pingamizi la pili linasema makampuni yenyewe hayana usafi wa kudai. Hili silipingi, nalichukua kama sehemu ya hoja yangu, kwa kuwa deni lina pande mbili. Sony iliuza PlayStation 3 ikitangaza kwamba mnunuzi anaweza kuweka humo mfumo wa Linux; Aprili 2010 ikaiondoa nafasi hiyo kwenye mashine zilizokwisha kulipiwa. Desemba mwaka huohuo, katika mkutano wa wadukuzi mjini Berlin, kikundi cha fail0verflow kilionyesha jinsi ngome ya mashine hiyo ilivyokuwa dhaifu. Kila programu halali hutiwa sahihi ya siri, na hesabu ya sahihi hiyo inahitaji namba ya bahati nasibu, mpya kila mara. Sony ilikuwa ikitumia namba ileile siku zote. Aliye na sahihi mbili mkononi aliweza kutafuta ufunguo wa siri kwa hesabu nyepesi ya aljebra. Mtu anayefungua mashine aliyoinunua ili arudishiwe alichoahidiwa hali deni la mtu, anadai lake. Ubisoft nayo iliuza The Crew kuanzia Desemba 2014, kisha mwisho wa Machi 2024 ikazima seva zake, na gemu ikafa mikononi mwa waliolipa, kwa kuwa haikuweza kuchezwa bila seva hizo. Na mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo hazinunuliki tena. Mahali ambapo mwenye gemu amefunga duka na kuondoka, anayenakili hamnyimi mtu ujira. Mara nyingi ndiye pekee anayeizuia kazi ya watu isisahaulike.

Ila hoja hiyo ya uhifadhi haiwezi kukopeshwa kwa gemu ya wiki iliyopita. The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom ilivuja Mei 2023 kabla hata haijaingia madukani, na Nintendo ilidai kwamba ilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kabla ya siku ya kuuzwa. Hapo hakukuwa na kumbukumbu ya kuokoa. Jasho lilikuwa bichi. Wala hoja hiyo haimfai anayefanya biashara. Mdaiwa na mlanguzi si watu wamoja. Kikundi cha Team Xecuter kiliuza vifaa vya kuvunja ulinzi wa mashine za gemu, na Februari 2022 mmoja wao, Gary Bowser, alihukumiwa Marekani kifungo cha miezi 40. Mbali na kifungo hicho, anatakiwa kuilipa Nintendo dola milioni 14.5 kwa jumla, fungu kubwa kuliko linavyoweza kulipwa na mshahara wa mtu wa kawaida maisha yake yote. Mlanguzi anastahili kuadhibiwa, kwa kuwa anakusanya nauli ya gari lisilo lake. Lakini deni ambalo mdai anajua kabisa halitalipika limeacha kuwa deni, limekuwa mnyororo.

Pingamizi la mwisho ni la wachunguzi wa mambo: mafundi wamekwisha kulipwa mishahara, kwa hiyo ninayemnyima ni mwenye hisa tu. Na kweli, Januari 2024 Microsoft iliwapunguza wafanyakazi 1,900 wa kitengo cha gemu, miezi michache baada ya kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 69 hivi. Aliyelipa bei kamili hakuwa na hakika kwamba fedha yake ingemlinda mchoraji yeyote. Hata hivyo, tajiri akimdhulumu dereva, dawa si abiria wote kukimbia na nauli. Atakayefukuzwa kwanza ni dereva huyohuyo. Dhuluma ya mwajiri inatupa haki ya kumsema, kumgomea, hata kuacha kununua gemu yake. Haitupi haki ya kuicheza bure.

Linabaki swali la nani atadai. Katika mazishi ya Waislamu wa pwani, kabla marehemu hajaondolewa, jamaa yake husimama mbele ya watu na kuomba kwamba kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, alipwe au asamehe. Desturi hiyo inategemea mdai kuwa karibu: muuza duka, fundi cherehani, jirani aliyekopesha mchele. Waliotengeneza gemu hawatakuwa ndani ya umati ule. Hawalijui jina la waliyemfurahisha, wala hawana daftari lenye jina lake. Kati ya madeni yote ya mtu, hili ndilo ambalo hakuna atakayeinua mkono kulidai, na anayelijua ni mdaiwa peke yake.